Dereva Aliyepiga Magoti Katito

Nilitumwa Kisumu kwa sababu ya ubishi wangu. Kijiji chetu kimekaa kando ya barabara kuu, ukitoka Singida mjini kuelekea Nzega. Shule ya msingi iko upande mmoja wa lami na nyumba nyingi ziko upande wa pili, kwa hiyo kila asubuhi watoto wanavuka. Mwaka jana mtoto wa darasa la pili aligongwa na gari dogo akiwahi namba ya asubuhi shuleni. Alipona, Mungu ashukuriwe, lakini kijiji kiliamka. Ikaundwa kamati ya usalama barabarani, na mimi nikaingizwa humo niwasemee madereva, maana niliendesha mabasi ya abiria miaka ishirini na sita kabla ya kustaafu.

Kikao cha kwanza kiliisha kwa kelele. Mwalimu Mkuu wetu, Mama Mwajuma, alitaka mbele ya shule pajengwe kivuko kilichoinuliwa na mwendo usizidi kilomita thelathini kwa saa. Nikasimama kupinga.

"Matuta yanaua mabasi," nilisema. "Wafundisheni watoto kuvuka. Mimi nimeshika usukani miaka ishirini na sita, sijagonga hata kuku."

Kuhusu kuku nilidanganya. Kuhusu watu nilisema kweli, na nilijivunia.

Injinia wa wilaya, kijana mpole asiyependa makelele, alisubiri nimalize. Akatueleza kwamba mataifa ya dunia yamekubaliana kupunguza vifo vya barabarani kwa nusu katika muongo huu, na mbele ya safari wanataka visiwepo kabisa. Thelathini ile ya mwalimu, alisema, haikutoka kichwani mwake, ni sehemu ya makubaliano hayo: pale watu na magari wanapochanganyika, gari lisizidi hapo. Kisha akasema kuna mahali Kenya, upande wa ziwa, panaitwa Katito, ambapo mwenzake aliyesoma naye chuo anasimamia kazi ya aina hiyo hiyo. Mmoja wetu angeweza kwenda kuona.

"Aende Mzee Kitundu," alisema Mama Mwajuma. "Sisi wengine tunaamini tayari."

Watu wakacheka, na mimi nikaona aibu kukataa.

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, nilipanda basi la Mwanza. Nilikaa kiti cha nyuma ya dereva, na hapo nikagundua jambo ambalo kila dereva mstaafu analijua: huwezi kuwa abiria. Kila mara basi lilipokaribia kona, mguu wangu wa kulia ulikanyaga sakafu. Mama mmoja aliyekaa jirani yangu akanitazama mpaka Nzega, ndipo akashindwa kuvumilia.

"Baba, mguu unakuuma? Nina dawa ya kuchua."

Nikamwambia natafuta breki. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na kuanzia hapo kila nilipokanyaga alikuwa akiniuliza kama nimeipata.

Injinia alikuwa amenipa daftari na kazi moja: niandike kila shule ninayoiona kandokando ya barabara. Niliona kazi ya kitoto. Barabara ile ningeweza kuichora nimefumba macho. Nilijua kona zake, mahali pa askari, na hoteli zenye mchuzi mzuri. Lakini kufika Shinyanga nilikuwa nimeshajaza kurasa mbili, na shule nyingi kati ya hizo sikuwahi kujua kwamba zipo. Nimezipita maelfu ya mara. Watoto wenye sare walikuwa wamesimama ukingoni mwa lami wakisubiri tupite, na sisi tukapita tukiwarushia vumbi. Nililala Mwanza kwa dada yangu nikiwa na mawazo kidogo, ingawa sikumwambia mtu.

Jumanne asubuhi nikapanda basi la kwenda Kisumu. Tulifika mpaka wa Sirari adhuhuri, tukagonga mihuri, tukavuka. Upande wa pili kofia za askari zilikuwa nyingine, na Kiswahili nacho kikabadilika. Kondakta mpya aliyepanda alinielekeza: "Mzee, hiyo bagi weka hapo juu, hii njia ya huku iko na matuta mob." Nikafikiri kidogo kabla ya kuelewa kwamba mob ni mengi.

Hakukosea. Baada ya Migori tulianza kupanda vilima vya Kisii, migomba kila upande, na kila mji mdogo ulikuwa na matuta yake. Mengine yalipakwa rangi na kuwekewa alama, dereva wetu akayapita bila abiria kuacha kusinzia. Lakini mahali fulani tulikutana na moja lisilo na rangi wala alama. Basi zima liliruka. Mzigo wa mtu ulidondoka, mtoto akalia, na mimi nikapiga kichwa kwenye chuma cha juu. Nikalitoa daftari na kuandika kwa herufi kubwa: NILISEMA.

Saa kumi na moja jioni tuliingia Kisumu. Mwenyeji wangu, Odhiambo, niliyetafutiwa na yule injinia wa Katito, alikuwa akinisubiri kituoni. Ni mwendesha pikipiki wa miaka kama thelathini na mitano, mwembamba, mcheshi, na bega lake la kushoto limeshuka chini kidogo kuliko la kulia. Mkononi alishika kofia mbili za pikipiki.

"Mzee Kitundu? Karibu Kisumu. Mimi ndio Odhiambo. Vaa hii helmeti kwanza, alafu tusalimiane."

"Kwetu tunaiita elementi."

"Elementi!" Alicheka akajishika tumbo. "Hiyo ni ya somo ya kemia!"

Nikamwambia kuna joto na safari ni fupi, sina haja nayo. Hakubishana. Alizima pikipiki, akakaa juu yake na kukunja mikono kama mtu mwenye siku nzima. Nikavaa. Ndipo akaigeuza ya kwake na kunionyesha kibandiko kidogo: herufi E ndani ya duara. Alieleza kwamba hiyo ndiyo alama ya kipimo cha mataifa, kwamba kofia imeangushwa, imegongwa na kujaribiwa kabla ya kuuzwa.

"Zile zingine za barabarani ni kama sufuria tu," alisema. "Ukianguka inapasuka kabla yako."

Anaishi Kaloleni, kwenye nyumba za zamani za baraza la mji, nyumba imara zilizopangwa vizuri, majirani wakisalimiana kutoka mlango hadi mlango. Mkewe, Consolata, alitupikia ugali, sukuma wiki na omena, ndiyo dagaa wa kwetu, zilizokaangwa na nyanya. Kila nilipopunguza kasi ya kula aliniuliza kama chakula hakina chumvi. Kwa hiyo nilikula sana.

Jumatano Odhiambo alinipeleka Dunga kuona samaki wakipakuliwa. Tulikuta mitumbwi imeshavutwa ufukweni na akina mama wakichagua ngege, ambao kwetu ni sato, huku wakibishana bei kwa Kijaluo, kwa sauti ambazo ungedhani ni ugomvi mpaka uwaone wanavyocheka. Tulikaa kwenye benchi, tukaletewa samaki mzima kwa kila mtu. Nikiwa nimefika kwenye kichwa cha samaki, nilimuuliza bega lake limepatwa na nini.

"Ni tuta," alisema.

Nikaweka samaki chini. Kwao ni Katito, alieleza, ni pale njia ya Kendu Bay inapoiacha ile ya Kisumu kwenda Kisii. Miaka michache iliyopita lori lilimgonga na kumuua mzee wa kanisa lao akivuka kwenda sokoni. Watu walipotoka mazikoni hawakungoja serikali. Walibeba mawe na murram, ule udongo wa changarawe, wakajenga tuta lao siku hiyo hiyo, refu mpaka magotini. Halikuwa na rangi wala alama. Jioni giza likianza kuingia, Odhiambo akawa anatoka Kisumu kwenda kumsalimia mama yake, hana habari.

"Nilipaa, Mzee. Nilienda juu mpaka nikaona mabati ya soko. Helmeti ndio ilipasuka, kichwa ikabaki. Bega ikavunjika. Na unajua nani walinibeba? Wenye walijenga tuta! Ni majirani wangu wote. Waliniomba msamaha mpaka wodi."

"Unaona sasa?" nilisema, nikampiga kofi la furaha kwenye bega lake zima. "Hicho ndicho ninachosema nyumbani. Matuta ni hatari!"

Alitikisa kichwa huku akichambua mfupa.

"Hapana, Jaduong'." Hivyo ndivyo Wajaluo wanavyomwita mzee wanayemheshimu. "Tuta ya hasira ndio hatari. Tuta ya kipimo ni kitu ingine. Kesho utaona."

Alhamisi, saa mbili na nusu asubuhi, tulikuwa Katito. Ni mji wa soko wenye shughuli nyingi: magari ya Kisii, ya Kisumu, ya Kendu Bay, yote yanakutana hapo, na katikati yao watu na mikokoteni. Tulimkuta Injinia Nafula, yule aliyesoma na injinia wetu, amechutama katikati ya barabara, amevaa kizibao cha kung'aa, huku wasaidizi wawili wenye bendera wakizuia magari. Ni mwanamke mfupi mwenye asili ya Bungoma, sauti yake inasikika pande zote tatu za njia panda. Mbele yake kulikuwa na ubao mrefu uliokatwa kwa umbo la mgongo wa tuta.

"Mzee wa Singida! Mwenzangu ameniambia wewe hutaki matuta. Vizuri. Kuja ushike hapa."

Akanipa ncha moja ya ubao. Tukaulaza juu ya kivuko kipya, na ubao ukakaa sawasawa kama mfuniko juu ya sufuria yake. Kivuko chenyewe kilikuwa kipana, tambarare juu, kimepakwa mistari myeupe, pande zake zikipanda taratibu. Ubao ule, alisema, ndio unaotofautisha kazi yao na mawe ya majirani. Ukingo ukiwa mkali kuliko ubao, wanachonga upya.

"Dereva akija na thelathini, chai yake haimwagiki," alisema. "Akija na themanini, hiyo ni shida yake na springi zake."

Kisha akaniuliza swali la mtego. Basi likiwa kwenye hamsini, ghafla mtoto akaingia barabarani, mimi na uzoefu wangu ningesimama wapi?

Nikajibu kwa kujiamini, na yeye akasema tukapime. Nje kidogo ya mji kuna kipande cha barabara ya zamani kilichoachwa baada ya kona kunyooshwa. Kilikuwa kimefungwa kwa kamba pande zote, na basi la shule liliazimwa, dereva wake amekaa pembeni yangu. Kando ya njia waliweka pipa. Sheria ilikuwa rahisi: nikifika usawa wa pipa Nafula atapuliza filimbi, nami nikisikia nikanyage breki. Kabla ya hapo niweke alama mahali nitakaposimama.

Nilitembea kutoka kwenye pipa, nikapima kwa macho, nikavua kofia yangu ya kitambaa, ile niliyopewa na kampuni siku ya kustaafu, nikaiweka chini katikati ya njia. Odhiambo akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia nimefanya kazi hii kabla hajazaliwa.

Nikawasha basi. Mikono ilikumbuka kila kitu, nikasikia raha ambayo sikuwa nimeipata tangu nistaafu. Nikafika hamsini. Filimbi ikalia, nikakanyaga kwa nguvu zangu zote. Matairi yakalia, basi likainama mbele, na kwa macho yangu niliiona kofia yangu inapotea chini ya pua ya basi. Tulipotulia nikashuka. Kofia ilikuwa nyuma yetu, imelala kati ya alama za matairi. Nilihesabu hatua kutoka kwenye kofia hadi kwenye bampa la mbele. Hatua kumi na moja.

Hakuna aliyecheka. Mimi ndiye niliyeanza kucheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

"Tena," nilisema. "Sikuwa tayari."

"Mtoto pia hangekuwa tayari," alijibu Nafula, lakini alinipa nafasi. Tulirudia, matokeo yakawa karibu yale yale. Mara ya tatu akasema niende na thelathini. Filimbi ikalia, nikakanyaga, basi likasimama kama lililofika nyumbani. Kofia ilikuwa mbele yangu, mbali kabisa, ningeweza kushuka, kuifuata na kuivaa.

Tukaanza kurudi sokoni. Nilikuwa nikifikiria mara zote nilizopita kwenye vijiji na tisini, honi ikilia. Niliamini kwamba honi ni breki. Watoto waliruka pembeni na mimi nikajisifu kwa ufundi wangu. Kumbe kwa miaka ishirini na sita wao ndio waliokuwa wakinikwepa.

Saa sita mchana. Kilichobaki Katito kilikuwa kigumu kuliko lami. Kivuko kilikuwa tayari, lakini vibanda vya wauzaji vilisimama karibu nacho sana, vikiziba macho ya madereva. Mchana huo wauzaji walikuwa wakutane waamue kama watasogea. Aliyekataa kwa sauti kubwa zaidi alikuwa Mama Atieno, muuza samaki wa kukaanga, mwanamke mnene mwenye heshima zake, ambaye kibanda chake ndicho kilichokuwa karibu kuliko vyote. Amekaa pale miaka mingi, ameshasomesha watoto watatu kwa samaki wale, na mabasi husimama mbele yake hasa. Abiria hununua kupitia dirishani.

"Mimi siko na shida na watoto," aliniambia alipojua mimi ni nani, huku akigeuza samaki kwenye mafuta. "Mimi ni nyanya, niko na wajukuu. Lakini nikienda kule nyuma, nani ataniona? Hii samaki nitauzia mbuzi? Na wewe Jaduong' ni dereva. Ambia huyu injinia ukweli. Dereva mzuri si ataona mtoto tu?"

Jana yake ningejibu bila kufikiri. Nikamtazama Nafula. Akasema, "Usiniangalie mimi. Enda pale penye watoto wanasimama, uangalie mwenyewe. Lakini uende na urefu yao."

Sikumwelewa mpaka aliponionyesha kwa kiganja, usawa wa kiuno chake.

Kwa hiyo nikaenda ukingoni mwa barabara, pembeni ya kibanda cha Mama Atieno, na nikapiga magoti. Mzee wa miaka sitini na moja, nimevaa suruali niliyopigiwa pasi na Consolata. Soko zima likasimama. Mwanamke mmoja akauliza kama ni maombi. Mwingine akasema huenda nimepoteza meno. Kicheko kilisambaa kutoka kwa wauza nyanya hadi kwa waendesha pikipiki, na Odhiambo ndiye aliyecheka kuwazidi wote.

Mimi sikuwa nikiona kitu. Nasema hivyo kwa maana yake kamili. Upande ambao magari ya Kisii yanatokea niliona mbao za meza, ndoo ya magamba, sketi ya mama mmoja na gurudumu la mkokoteni. Barabara haikuwepo. Nikasikia gari linakuja, mlio tu, sijui liko mbali au karibu, liko upande huu au ule. Moyo ulinienda mbio na mimi ni mtu mzima niliyekaa na magari maisha yangu yote. Nikainama mbele ili nione, na mabega yangu yakaingia barabarani kabla macho hayajapata nafasi. Gari likapita karibu. Lilikuwa linakwenda polepole kwa sababu ya kivuko, lakini upepo wake nilisikia usoni.

Nikainuka kwa shida, magoti yamejaa vumbi.

"Mama Atieno," nikasema, "njoo."

"Niende wapi?"

"Hapa. Chini."

Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akamkabidhi jirani yake mwiko, akakunja kanga yake, akanishika mkono, akashuka. Alikaa pale chini muda mrefu kuliko mimi. Watu waliendelea kucheka, halafu kicheko kikapungua chenyewe. Kisha akainuka. Alirudi akageuza samaki wake, ambao upande mmoja walikuwa wameshaungua.

Saa nane mkutano ulianza kwenye banda la soko. Nafula alieleza kwa michoro. Wauzaji walisikiliza kwa adabu, kisha wakasema wamesikia na kwamba hawasogei. Nikaomba kuzungumza. Niliwaambia mimi si injinia wala mtu wa serikali, na hata si wa nchi yao.

"Mimi ni yule dereva anayepita hapa," nilisema. "Mmeniuliza kama dereva mzuri atamwona mtoto. Nimekuja kutoka Singida nikiamini hivyo. Leo nimepita juu ya kofia yangu kwa hatua kumi na moja, na pale kwenye samaki nimepiga magoti sikuiona barabara. Kama mimi siioni, dereva naye hanioni. Hata awe mzuri namna gani."

Mzee mmoja nyuma akauliza, sawa, na wateja je?

Hapo nilikuwa na jibu, kwa sababu hili ndilo nililolijua kuliko injinia yeyote. Dereva wa basi, niliwaambia, hasimami kwa sababu ya samaki. Anasimama mahali palipo rahisi kutoka na kurudi barabarani. Sasa hivi mabasi yanasimama kabla ya kivuko, yanawaziba watu wanaovuka. Wekeni kituo mbele ya kivuko, baada ya basi kuwa limeshapita, kiwe kipana, na vibanda vijipange nyuma ya kituo hicho. Dereva ameshapunguza mwendo kwa ajili ya kivuko, hana haraka tena. Atasimama hapo mwenyewe bila kuitwa.

Nafula alikuwa ameshika kiuno. "Hiyo iko kwa michoro," alisema. "Kituo huwekwa baada ya kivuko. Nimesema hii kitu mara tatu!"

"Ulisema kituo," alijibu Mama Atieno. "Hukusema wateja."

Banda zima likacheka, na Nafula akacheka pia. Kisha Mama Atieno akasimama. Alisema anahama, lakini kwa sharti: achague nafasi yake wa kwanza, na iwe ile ambayo mlango wa basi utafungukia. Mikono ikainuliwa. Walihesabu waliokataa wakapata wanne, na mmoja wao, nilivyoelezwa, hukataa kila kitu.

Tulipoaga, Mama Atieno alinifungia samaki wawili kwenye gazeti. "Erokamano, Jaduong'," aliniambia. Ni asante kwa lugha yao. "Lakini suruali yako, bibi yako atauliza."

Ijumaa asubuhi nilianza safari ya kurudi. Tulipofika Katito dereva alipunguza mwendo, tukapanda kivuko na kushuka bila hata mtoto aliyelala kiti cha mbele kuamka. Wasichana wawili wenye sare walikuwa wamesimama wakisubiri, na safari hii niliwaona. Kutoka hapo mpaka Singida mguu wangu wa kulia uliendelea kukanyaga sakafu, lakini sasa ulikanyaga kwenye kila shule.

Nyumbani kikao kiliitishwa Jumapili baada ya ibada. Madereva wenzangu walikuja wengi, wakakaa safu ya mbele kunisikiliza nikimmaliza mwalimu. Nilipowaeleza niliyoyaona, mmoja wao, niliyemfundisha kazi mwenyewe, akainuka na hasira.

"Mzee Kitundu, tulikutuma ukatupiganie. Wamekulisha samaki, umegeuka."

"Samaki nimekula," nilisema. "Na nimewapigania. Umeshawahi kukutana na dereva aliyeua mtoto? Mimi nimefanya kazi na wawili. Hakuna hata mmoja aliyemaliza mwaka kwenye usukani, na hakuna aliyelala vizuri tena. Kivuko hiki ni chenu pia."

Alikaa. Nikawaambia jambo moja ambalo Nafula aliniambia tukitoka sokoni, kwamba siri ya mpango wote huu wa mataifa ni ndogo: watu watakosea. Mtoto atakimbilia mpira, dereva atasinzia. Huwezi kuwaondolea makosa yao, lakini unaweza kuijenga barabara ili kosa lisiwe kifo. Mimi maisha yangu yote nilidhani barabara ni ya wasiokosea, na mimi nikiwa mmojawapo.

Mama Mwajuma hakunicheka hata kidogo. Aliandika tu kwenye daftari la kikao kwamba mwakilishi wa madereva ameunga mkono.

Kivuko chetu kilikamilika miezi michache baadaye, kwa ubao na kwa kipimo, kikiwa na rangi na alama pande zote mbili, na kituo cha basi kikiwekwa mbele yake. Asubuhi ya kwanza niliamka mapema, nikasema nakwenda kununua nyanya ng'ambo. Nilipofika ukingoni basi kubwa lilikuwa linakuja. Likapunguza. Likasimama kabisa. Dereva, kijana nisiyemjua, akaweka mkono juu ya usukani na kunipungia nipite. Mimi nikabaki nimesimama nikilitazama lile basi, jinsi lilivyotulia nyuma ya mistari, injini ikinguruma taratibu, zuri kweli. Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya watoto wa shule.

"Babu," mmoja akasema, "vuka basi!"

Nikavuka.